Habari za Brahmaputra zisiishie kwenye ukuta wa bwawa

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nizungumzie namna magazeti yetu, gazeti lako likiwemo, yanavyoandika kuhusu Mto Brahmaputra tangu Waziri Mkuu wa China, Li Qiang, alipozindua mwezi Julai 2025 ujenzi wa vituo vitano vya kufua umeme kwenye sehemu ya mto huo iliyoko Tibet. Habari zilizotufikia zimekuwa za aina moja: China inajenga, India inalalamika, na msomaji anaachwa aamini kwamba mto ni bomba ambalo aliye juu anaweza kulifunga siku yoyote akiamua. Bangladesh, ambako maji yote hayo hupita kabla ya kuingia baharini, hutajwa kwenye aya ya mwisho, kama inatajwa. Nilifundisha jiografia kwa muda mrefu, na naona kwamba mgogoro huu hausomeki bila kuujua mto wenyewe. Anayeujua atagundua kwamba hofu kubwa iko mahali tofauti na pale tunapoonyeshwa.

Mto huu huanzia kwenye barafu za kusini-magharibi mwa Tibet, si mbali na Mlima Kailash na Ziwa Manasarovar, katika kimo kinachozidi mita 5,000 kutoka usawa wa bahari. Eneo hilohilo ndilo chimbuko la Indus na la Sutlej, mito inayoelekea upande wa magharibi, na pia la Karnali, ambao maji yake huishia Ganges. Wahindu, Wabudha, Wajaini na wafuasi wa dini ya Bon wote huuheshimu mlima huo kuwa ni mahali patakatifu. Watibeti huuita mto wao Yarlung Tsangpo. Kwa zaidi ya kilomita 1,600 hutiririka kuelekea mashariki nyuma ya safu ya Himalaya, ukipita katika mabonde makavu yanayolimwa shayiri, karibu na mji wa Shigatse, na kupokea mto unaotoka Lhasa. Sehemu hiyo ni tulivu kiasi kwamba watu wa zamani waliivuka kwa mashua ndogo zilizowambwa ngozi ya yaki, ng'ombe wa milimani wenye manyoya marefu.

Utulivu huo huisha mto unapofika kwenye Mlima Namcha Barwa, wenye urefu wa mita 7,782. Hapo maji huuzunguka mlima kwa kona kali, yakipita kati yake na Mlima Gyala Peri wenye mita 7,294, na kuingia katika korongo ambalo sehemu zake zina kina kinachozidi mita 5,000 ukipima kutoka vileleni hadi kwenye maji. Anayetaka kukiona kina hicho kwa macho asimame Moshi mjini siku isiyo na mawingu, akitazame kilele cha Kibo. Baada ya kona, mto huelekea kusini na kushuka India. Katika umbali wa takriban kilomita 50 ukipima kwa mstari ulionyooka, maji huporomoka kwa karibu mita 2,000, na mporomoko huo ndio bidhaa ambayo China inaitafuta. Wahandisi wake wanakusudia kuikata kona kwa mahandaki yatakayopitisha maji ndani ya mlima hadi kwenye mitambo. Mradi umekadiriwa kugharimu yuani trilioni 1.2 na kuzalisha kilowati-saa bilioni 300 kwa mwaka, zaidi ya mara tatu ya umeme unaotarajiwa kutoka katika Bwawa la Mabonde Matatu la Mto Yangtze. Naomba wasomaji waliangalie jambo hili kwa makini: umeme wa namna hiyo unatokana na mteremko, na maji yakishapita kwenye mitambo hurudi mtoni, kwa sababu hayana pengine pa kwenda. Swali la maana ni saa ngapi na msimu gani yatarudishwa, na kama walio chini wataambiwa mapema.

Suala la kuambiwa mapema lina historia ndefu kwenye mto huu. Hadi karne ya 19 kuelekea mwisho, wapima ramani wa Uingereza waliokuwa India hawakuwa na hakika kama Tsangpo ya Tibet ndiyo Brahmaputra ya Assam, jimbo la kaskazini-mashariki mwa India, au kama Brahmaputra ulitokea mahali pengine kabisa. Wazungu walikuwa wamezuiwa kuingia Tibet, kwa hiyo waliwatuma wenyeji wa milimani waliojifanya mahujaji. Mwaka 1880 alitumwa Kinthup, mtu wa Sikkim asiyejua kusoma wala kuandika, akifuatana na lama (mtawa wa Kibudha) mmoja ambaye ndiye aliyekuwa kiongozi wa safari. Njiani lama alimuuza kuwa mtumwa, akaenda zake. Kinthup alitoroka, akakimbilia kwenye monasteri moja iliyoko ndani ya korongo, na mkuu wa monasteri akamnunua ili asirudishwe kwa bwana wake wa kwanza. Angeweza kurudi kwao tangu hapo. Badala yake aliomba ruhusa ya kwenda kuhiji, akakata magogo 500, akayatia alama na kuyaficha. Kisha akasafiri hadi Lhasa kutafuta mtu wa kumwandikia barua ya kwenda India, iliyotaja siku ambazo angeyatumbukiza mtoni, 50 kila siku, ili watu wa Assam wakae ukingoni wakiyasubiri. Siku zilipofika aliyatumbukiza yote kama alivyoahidi. Barua haikumfikia afisa aliyemtuma, ambaye wakati huo alikuwa ameshaondoka India, na magogo 500 yakapita Assam bila mtu wa kuyaangalia. Kinthup alirudi Darjeeling mwaka 1884, na wakubwa wengi hawakumwamini. Ilibidi ufike mwaka 1913, maafisa wawili wa Kiingereza, Bailey na Morshead, walipolifikia korongo kutokea upande wa India na kukuta kwamba sehemu kubwa ya maelezo yake ilikuwa sahihi.

Nimeirefusha habari ya Kinthup kwa makusudi. Kuanzia mwaka 2002 China na India zilikuwa na makubaliano ambayo kwayo China iliipatia India vipimo vya kina cha maji kutoka katika vituo vilivyoko Tibet wakati wa msimu wa mafuriko. Mwaka 2017, majeshi ya nchi hizo mbili yalipokabiliana katika uwanda wa Doklam, India ililalamika kwamba vipimo havikuja. Mwaka 2023 makubaliano yenyewe yalifikia ukomo. Kwa mkulima anayeishi ukingoni, tofauti kati ya kupata taarifa saa kadhaa kabla na kutopata kabisa ni tofauti ya kuhamisha ng'ombe au kuwapoteza. Mwezi Aprili mwaka 2000 mlima uliporomoka na kuziba Mto Yigong, mmoja wa mito inayoingia Tsangpo, na ziwa likajikusanya nyuma ya kifusi. Mwezi Juni kifusi kikapasuka, na wimbi la maji likaifikia Arunachal Pradesh, upande wa India, likaua watu, likang'oa madaraja na kuwaacha maelfu bila makazi. Hapakuwa na bwawa la mtu yeyote. Milima hii bado inainuka, ardhi yake hutetemeka, na maporomoko kama hayo hutokea tena na tena. Mimi ningependa kusoma zaidi kuhusu hatari ya kujenga ukuta mahali pa namna hiyo kuliko kuhusu maneno makali ya wasemaji wa serikali.

Sasa nifike kwenye dhana ya bomba. Brahmaputra kwa wastani hutoa karibu mita za ujazo 20,000 za maji kila sekunde, na ni miongoni mwa mito mikubwa kuliko yote duniani kwa wingi wa maji. Maji hayo hayatoki Tibet kwa sehemu kubwa. Tibet ni nchi kavu, kwa kuwa Himalaya huizuia mvua isivuke. Waziri Mkuu wa Jimbo la Assam, Himanta Biswa Sarma, ambaye si rafiki wa Beijing, alisema mwenyewe mwaka 2025 kwamba mchango wa China katika mto huo ni asilimia 30 hadi 35 tu. Kilichobaki hunyesha kwenye miteremko ya kusini, ndani ya India na Bhutan, na kuletwa na mito kama Dibang, Lohit, Subansiri na Manas.

Mvua hiyo inatuhusu sisi wa Afrika Mashariki zaidi ya tunavyodhani. Upepo wa kusi unaovuma kwenye pwani yetu katikati ya mwaka huvuka ikweta mbele ya Kenya na Somalia, hupinda kuelekea kaskazini-mashariki na kuikata Bahari ya Arabu ukiwa umejaa unyevu hadi India; tawi lake jingine hupitia Ghuba ya Bengali, likazidi kuchota unyevu, kisha likagonga vilima vya Assam na Arunachal na kuumwaga wote huko, kuanzia Juni hadi Septemba. Ni upepo uleule ambao manahodha wa majahazi ya Lamu na Unguja waliusubiri ili warudi Arabuni na Bara Hindi. Kwa hiyo anayeandika kwamba China itaufunga mto anapaswa kwanza kueleza ataufungaje upepo huo. Hofu ya kweli iko katika miezi ya kiangazi, kuanzia Desemba hadi Aprili, wakati mvua haipo na maji ya kutoka juu yanakuwa na uzito mkubwa zaidi; na iko pia katika siku za mafuriko, ambapo kufunguliwa kwa milango bila taarifa kunaweza kuongeza maji juu ya maji.

Ndani ya Assam mto hubadilika sura kabisa. Karibu na mji wa Sadiya, Siang (ndilo jina la Tsangpo ukishaingia India), Dibang na Lohit hukutana, na kuanzia hapo ndipo unapoitwa Brahmaputra. Mteremko unapotea, maji yanatawanyika katika njia nyingi zinazopishana kati ya visiwa vya mchanga, na mahali pengine upana wa mto unazidi kilomita 10. Tetemeko la tarehe 15 Agosti 1950, lenye ukubwa wa 8.6, lilibomoa milima kiasi kwamba udongo uliosombwa na maji uliinua sakafu ya mto huko Dibrugarh kwa mita kadhaa. Tangu hapo mto umekuwa ukila kingo zake, na serikali ya jimbo inakadiria kwamba ardhi iliyoliwa inazidi kilomita za mraba 4,000. Kisiwa cha Majuli, kilichofanywa wilaya kamili mwaka 2016, kimepungua hadi chini ya nusu ya eneo lililopimwa zaidi ya miaka 100 iliyopita, na baadhi ya monasteri zake za Kihindu, ziitwazo satra, zimelazimika kuhamia bara pamoja na vinyago vyao vya maigizo ya dini. Wamishing wanaoishi humo hujenga nyumba za mianzi juu ya nguzo, na mafuriko yakipanda kuliko kawaida huiinua sakafu yenyewe, wakapika, wakalala na kufuga kuku juu yake hadi maji yashuke.

Hata hivyo watu hao hawauombi mto ukome kufurika. Hifadhi ya Kaziranga, yenye takriban theluthi mbili ya faru wote wa pembe moja waliobaki duniani, hupata majani na mabwawa yake kutokana na mafuriko ya kila mwaka. Katika wiki hizo wanyama huvuka barabara kuu kuelekea kwenye vilima vya Karbi Anglong, na madereva hulazimishwa kupunguza mwendo. Nayo mashamba ya chai ya Assam hukua pembezoni mwa uwanda huohuo. Naandika haya nikiwa Mufindi, ambako chai inaanzia nyuma ya nyumba ninayokaa, na miche yetu, kama ile ya Kericho, kwa sehemu kubwa ni ya jamii ya chai ya Assam.

Bangladesh ndiyo inayosahaulika, na ndiyo yenye mengi ya kupoteza. Mto ukivuka mpaka huitwa Jamuna. Njia unayopita sasa si ya kale: baada ya mafuriko makubwa ya mwaka 1787, katika miongo iliyofuata, mto uliacha njia yake ya mashariki na kuhamia huku, na ile ya zamani imebaki mto mdogo unaopita Mymensingh. Mto uliohama mara moja unaweza kuhama tena, na wahandisi waliojenga Daraja la Jamuna, lililofunguliwa mwaka 1998, walitumia fedha nyingi kujenga kingo za mawe ili mto usije ukaliacha daraja likisimama juu ya mchanga mkavu. Katikati ya maji kuna visiwa vya mchanga viitwavyo char, ambavyo hujitokeza, hulimwa na kumezwa tena. Wakazi wa huko huezeka na hata kuziba kuta kwa mabati, kwa sababu bati linafunguliwa misumari, linapakiwa kwenye mashua pamoja na mbuzi na vyungu, na nyumba inasimamishwa upya kwenye kisiwa kingine. Mwaka huohuo wa 1998 mafuriko yalifunika takriban theluthi mbili ya nchi.

Jamuna huungana na Ganges, ambao huko huitwa Padma, karibu na Goalundo, kisha na Meghna karibu na Chandpur, ndipo yote kwa pamoja huingia Ghuba ya Bengali. Ganges na Brahmaputra huleta takriban tani bilioni moja za mashapo kila mwaka, na sehemu kubwa ya Bangladesh imejengwa kwa udongo huo. Ardhi ya delta hudidimia yenyewe kidogo kidogo huku bahari ikipanda, na kinachoiokoa ni tabaka jipya la tope linalokuja na kila mafuriko. Maji yakipita kwenye mitambo hurudi mtoni. Tope likinaswa nyuma ya ukuta halirudi. Hilo ndilo swali ambalo mwandishi yeyote wa habari za mradi huu angepaswa kuliuliza kwanza, na sikumbuki kuliona limeulizwa katika gazeti la Kiswahili.

Tena swali hilo haliwahusu Wachina peke yao. India imejibu mradi huo wa China kwa kupendekeza bwawa lake kwenye Siang, la takriban megawati 11,000, likiwa na hoja kwamba litazuia mawimbi ya ghafla kutoka juu. Waadi wanaoishi kwenye kingo za Siang wameandamana kulipinga, kwa kuwa vijiji na mashamba yao ya mpunga ndiyo yatakayozama. Ujenzi wa bwawa la Subansiri ya Chini, la megawati 2,000, ulisimama kwa miaka mingi kuanzia 2011 kwa sababu watu wa Assam wenyewe waliziba njia ya vifaa vya ujenzi. Kwa mtazamo wa mvuvi wa Sirajganj, huko Bangladesh, ukuta wa Delhi na ukuta wa Beijing vyote viko juu yake, na vyote vinashika tope.

Juu ya haya yote, bonde hili lenye nchi nne halina mkataba hata mmoja unaozijumuisha zote. Mwaka 1997 Umoja wa Mataifa ulipopigia kura mkataba wa matumizi ya mito inayovuka mipaka, nchi tatu tu zilipinga: China, Uturuki na jirani yetu Burundi. India haikuunga mkono wala haikupinga, na Tanzania ilifanya hivyohivyo, wakati Bangladesh na Kenya ziliunga mkono. Ukizitazama kura hizo utaona kwamba, kwa sehemu kubwa, kila nchi ilipiga kura kulingana na mahali ilipokaa kwenye mto wake. Sisi wa Bonde la Nile tumefika mbele kidogo, maana mkataba wetu wa ushirikiano ulianza kutumika Oktoba 2024, ingawa Misri na Sudan zimeukataa. Ndiyo maana naamini wasomaji wetu wana uwezo wa kuuelewa mgogoro wa Brahmaputra kwa undani kuliko tunavyowapa nafasi.

Ninachoomba kwako, Ndugu Mhariri, ni kidogo. Kila habari ya mto huu iambatane na ramani inayoonyesha mto mzima, kutoka Kailash hadi Ghuba ya Bengali, badala ya mpaka wa China na India peke yake. Inapotajwa idadi ya maji, itajwe ni ya msimu gani. Na Dhaka ipewe nafasi sawa na Delhi. Nafasi ya kuanza haiko mbali, kwani mkataba wa miaka 30 ambao India na Bangladesh zilitia saini mwaka 1996 kugawana maji ya Ganges kwenye Bwawa la Farakka unafikia mwisho Desemba 2026, na mazungumzo yake yatafuatwa kwa karibu na kila anayeishi kwenye kingo za Jamuna.

Wako,
Mwalimu mstaafu wa Jiografia,
Mufindi, Iringa